Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Kutumia Linux Jijini Nairobi

Laptopu yangu inafanya kazi vizuri. Kwa nini nihamie Linux?

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha 8 au baada yake. Laptopu nyingi za ex-UK (mitumba iliyotoka Uingereza) zinazouzwa kwenye Luthuli Avenue, Moi Avenue na vichochoro vya jirani, hasa HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad za kizazi cha 4 hadi cha 7, hazitimizi masharti hayo, ingawa bado ni imara na zinaweza kutumika kwa miaka mingi. Linux, mfumo endeshi huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, huziwezesha kuendelea kupata masasisho bila malipo. Hata hivyo, si kila mtu anayepaswa kuhama. Hapa chini zimetajwa waziwazi kazi ambazo Linux haizimudu, kwa sababu mtu aliyehamishwa kwa sifa tupu hurudi alikotoka akiwa amepoteza muda, na pengine faili zake.

Nichague distro ipi kati ya hizi zote?

Distro ni toleo la Linux lililokusanywa likiwa tayari kusakinishwa, kama Mint au Ubuntu. Kama huna sababu mahususi ya kuchagua nyingine, chagua Linux Mint. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litapata masasisho hadi mwaka 2029, kwa hiyo hutalazimika kusakinisha mfumo mpya kila mwaka. Menyu yake iko pale mtu wa Windows anapoizoea, na sehemu kubwa ya maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu huifaa pia. Kompyuta yenye RAM ya 8 GB au zaidi iwekee sura (muonekano wa skrini na menyu) ya Cinnamon. Yenye 4 GB iwekee Xfce, ambayo ni nyepesi. Watengenezaji wa Mint wanataja 2 GB kuwa kiwango cha chini kabisa, lakini kivinjari cha siku hizi pekee kinaweza kumaliza kiasi hicho kabla hujafungua waraka wowote.

Ubuntu yenyewe ni chaguo jema kwa mwenye kompyuta yenye nguvu kidogo zaidi. Fedora inamfaa mwenye laptopu mpya kabisa, kwa kuwa hupokea kiini kipya (kernel, sehemu ya mfumo inayoongoza vifaa vya kompyuta) mapema, ila kila toleo lake huhudumiwa kwa miezi 13 hivi tu. Debian ni tulivu na ya kuaminika, nami ningempendekezea mtu ambaye tayari ameshazoea.

Kuhusu Kali, ambayo wanafunzi wengi wanaosomea usalama wa mitandao hukimbilia kuiweka kama mfumo wao wa kila siku, naomba nisikike vizuri: Kali ni sanduku la vifaa vya wataalamu wa kupima usalama, na watengenezaji wake wenyewe hawaipendekezi kwa mtu asiyeijua Linux. Iweke ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa kutumia VirtualBox, na mfumo wako wa kila siku uwe Mint au Ubuntu.

Vilevile usiwe na tabia ya kuhama distro kila tatizo linapozuka. Distro hizi zote zinatumia kiini kilekile kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa hiyo kadi ya Wi-Fi iliyokataa kwenye Mint ina uwezekano mkubwa wa kukataa kwenye distro nyingine yenye kiini cha toleo lilelile.

Nanunua laptopu ya mtumba. Nikague nini dukani?

Mbali na betri, skrini na kibodi ambavyo kila mnunuzi hukagua, mwombe muuzaji aizime laptopu, aiwashe tena na aingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, mbele yako. Kwa kawaida kitufe ni F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell na F1 kwenye ThinkPad. Mashine hizi zilikuwa mali ya makampuni, na baadhi yake hufika hapa zikiwa bado zina nywila ya BIOS iliyowekwa na mwajiri wa zamani. Ikiwa skrini inadai nywila na muuzaji haijui, iache laptopu hiyo hata kama bei ni nzuri, kwa sababu huenda usiweze kuiwasha kutoka kwenye flashi wala kubadilisha mpangilio wa Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizotambulika wakati wa kuwasha kompyuta. Bora zaidi, nenda na flashi yako yenye Mint, uiwashe laptopu nayo papo hapo kaunta. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Naweza kuijaribu kabla ya kufuta Windows?

Unaweza, na hatua hii usiiruke. Pakua faili ya ISO, yaani nakala nzima ya mfumo iliyo tayari kusakinishwa, kutoka kwenye tovuti rasmi ya distro yenyewe. Ya Mint ni karibu 3 GB na ya Ubuntu ni karibu 6 GB, kwa hiyo tumia Wi-Fi ya nyumbani, ya kazini au ya chuoni badala ya bando la simu. Ukiwa bado ndani ya Windows, hakiki kwamba faili ilifika nzima kwa kuandika `certutil -hashfile` ikifuatwa na jina la faili na neno `SHA256`, kisha linganisha jibu na namba iliyochapishwa kwenye tovuti. Mtandao unaokatikakatika huacha faili yenye kasoro, na kasoro hiyo hujitokeza baadaye katikati ya usakinishaji kwa namna ambayo mgeni hawezi kuielewa.

Baada ya hapo iandike ISO kwenye flashi ya 8 GB kwa kutumia Rufus au balenaEtcher. Kuinakili tu kama unavyonakili wimbo hakutoshi, kwa sababu kompyuta haitaitambua kuwa flashi ya kuwashia. Zima, washa, na ubonyeze F9 kwenye HP au F12 kwenye Dell na Lenovo ili uchague flashi.

Mfumo utafunguka bila kugusa chochote kwenye diski mpaka wewe mwenyewe uanze kusakinisha. Katika hali hii ya majaribio angalia mambo yatakayokusumbua baadaye: Wi-Fi, sauti, kamera, mwangaza wa skrini, kebo ya projekta, na kama laptopu inalala ukifunga kifuniko na kuamka ukikifungua. Usihukumu kasi, kwa kuwa flashi ni ya polepole kuliko diski.

Nataka Windows na Linux zikae pamoja. Nijihadhari na nini?

Kwanza nakili faili zako zote muhimu kwenye diski ya nje. Pili, angalia kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, usimbaji wake wa kulinda diski. Kama imefanya hivyo, uwe na ile funguo ya tarakimu 48 imeandikwa mahali pengine kabla ya kugusa BIOS au kugawa diski. Tatu, zima Fast Startup, yaani uwashaji wa haraka, ndani ya Windows kwa amri ya `powercfg /h off`, ukiiendesha kama msimamizi. Windows ambayo haijazimika kikamilifu huacha diski ikiwa imefungwa nusu, na Linux itakuruhusu kusoma faili zake bila kukuruhusu kuandika.

Utaona pia jambo la ajabu: ukitoka Linux na kuingia Windows, saa iko nyuma kwa saa tatu kamili. Linux huandika kwenye saa ya mashine majira ya UTC, nayo Windows huyasoma kana kwamba ni majira ya Nairobi, ambayo yako mbele ya UTC kwa saa tatu. Andika `timedatectl set-local-rtc 1` kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri) ya Linux, na ugomvi utaisha.

Nimesakinisha, lakini Wi-Fi haionekani kabisa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na pia ndilo linalowavunja watu moyo mapema, kwa sababu dawa yenyewe iko kwenye mtandao ambao mtu hana. Usihangaike kutafuta kebo. Chukua simu yako ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa ugawaji wa intaneti kupitia USB. Linux itaiona simu kana kwamba ni mtandao wa waya, kwa kawaida bila draiva (programu inayoendesha kifaa) yoyote ya ziada, na bando dogo litatosha kwa kazi iliyobaki.

Sasa jua ni kadi ipi uliyo nayo. Fungua teminali, andika `lspci -k`, na utafute sehemu inayotaja Network. Jina la kadi litaonekana hapo, na chini yake kuna mstari wa `Kernel driver in use` ikiwa draiva imepatikana. Mstari huo usipokuwapo, tatizo ni draiva. Ukiwapo ilhali Wi-Fi bado haionekani, andika `rfkill list`, kwani huenda redio imezimwa kwa kitufe cha kibodi au kwa swichi iliyo ubavuni mwa laptopu za zamani.

Kadi za Intel, ambazo zimo kwenye ThinkPad na Latitude nyingi, husumbua mara chache. Za Broadcom zinahitaji draiva ambayo haimo kwenye mfumo tangu mwanzo. Kwenye Mint fungua Driver Manager huku simu ikiwa imeunganishwa, chagua draiva inayopendekezwa, na usubiri. Kadi za Realtek za bei nafuu, kama RTL8821CE, zilikuwa kero kubwa zamani, lakini matoleo mapya ya kiini yana draiva yake, kwa hiyo mara nyingi kusasisha mfumo mzima kunatosha.

Ipo hatua moja inayowapotosha wengi. Ikiwa Secure Boot imewashwa, wakati wa kusakinisha draiva ya namna hii utaombwa kubuni nywila fupi, na kompyuta ikiwaka upya itaonyesha skrini ya bluu yenye maneno `Perform MOK management`. Skrini hiyo hukaa sekunde chache tu. Mgeni huogopa, hubonyeza Continue, naye baadaye hushangaa kwa nini draiva iliyosakinishwa haifanyi kazi. Chagua `Enroll MOK`, yaani kuidhinisha draiva hiyo, thibitisha, andika ile nywila uliyoibuni, kisha uendelee kuwasha.

Stima ilipotea katikati ya sasisho, na sasa hakuna kinachosakinika.

Soma ujumbe ulio mbele yako kabla ya kufanya lolote. Katika hali hii mfumo husema `dpkg was interrupted` na kisha hukutajia amri yenyewe ya kurekebisha, yaani `sudo dpkg --configure -a` (neno `sudo` huipa amri mamlaka ya msimamizi). Iandike kama ilivyo. Ikimaliza, endesha `sudo apt --fix-broken install`, halafu `sudo apt update` na `sudo apt upgrade`. Mara nyingi hayo yanatosha.

Kama ujumbe unasema `Could not get lock`, maana yake ni kwamba kazi nyingine ya usakinishaji bado inaendelea kwa nyuma. Subiri dakika kadhaa. Usifuate ushauri wa kufuta faili ya kufuli, kwa sababu kufanya hivyo wakati kazi inaendelea ndiko kunakoharibu mfumo kwelikweli.

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, shikilia Shift au bonyeza Esc mara inapoanza, ingia kwenye chaguo la `Advanced options` na uchague kiini cha zamani. Mint na Ubuntu hukihifadhi kwa ajili ya siku kama hii. Ikiwa badala yake unaona skrini nyeusi yenye neno `initramfs`, huenda diski inahitaji kukaguliwa: andika `fsck -y` ikifuatwa na jina la kizigeu (sehemu ya diski) lililotajwa kwenye ujumbe, kwa mfano `/dev/sda2`. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri katika mtaa ambao stima hupotea mara kwa mara anunue UPS (betri ya akiba) ndogo, na asisasishe kiini mvua kubwa ikiwa inanyesha.

Programu ileile ipo mara mbili kwenye duka la programu la mfumo, moja ikiitwa Flatpak. Nichukue ipi?

Ile ya kawaida, yaani kifurushi cha deb kilichotayarishwa na distro yako, ni ndogo na hutumia maktaba ambazo tayari zimo kwenye mfumo. Flatpak huja na maktaba zake yenyewe, kwa hiyo programu ya kwanza ya namna hiyo inaweza kukulia mamia ya megabaiti hata kama yenyewe ni ndogo. Zinazofuata huwa nafuu, kwa kuwa hushirikiana zile maktaba. Faida ya Flatpak ni toleo jipya zaidi. Kwa anayelipia data, kanuni yangu ni kuanza na deb na kuchukua Flatpak pale tu toleo la deb linapokosa jambo unalolihitaji. Kwenye Mint 22, Flatpak ambazo hazijathibitishwa kuwa zimetoka kwa watengenezaji wenyewe zimefichwa mwanzoni, na ni vyema ziendelee kufichwa.

Snap ni mfumo wa Canonical, wenye Ubuntu, na Mint iliuzuia kuanzia toleo la 20 la mwaka 2020. Kwenye Ubuntu, Firefox yenyewe huja kama Snap, na hiyo ni mojawapo ya sababu inayoifanya ifunguke polepole mara ya kwanza kwenye kompyuta za zamani.

Usisakinishe programu kwa kunakili amri ndefu yenye `sudo` kutoka kwenye tovuti usiyoijua. Hilo halina mjadala.

Nyaraka zangu za Word na Excel zitafunguka?

Zitafunguka kwenye LibreOffice, ambayo huja na Mint, na hati ya kawaida ya aya na vichwa haitakusumbua. Kinachovuruga mpangilio mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na hazimo kwenye Linux, lakini zipo Carlito na Caladea, zilizochorwa zikiwa na vipimo vilevile ili mistari isihame, hakikisha zimesakinishwa. CV na barua za maombi zitume zikiwa PDF, kwa sababu hujui mpokeaji atazifungulia wapi. Kama wewe na msimamizi wako wa tasnifu mnarudishiana hati yenye maoni na masahihisho kila wiki, jaribu pia ONLYOFFICE, ambayo muundo wake wa msingi ndio huohuo wa docx. Anayeandika Kiswahili atafurahi kujua kwamba LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia.

Mahali pagumu ni makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Jedwali la Excel la iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa Kenya, la kuwasilisha marejesho ya kodi lina makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel, na LibreOffice haiwezi kutegemewa kuziendesha zote. Mwajiriwa ambaye mapato yake ni mshahara tu, au anayewasilisha marejesho ya sufuri, hujaza fomu moja kwa moja kwenye kivinjari na hana shida yoyote. Mfanyabiashara anayehitaji lile jedwali abakishe Windows kwenye kizigeu kimoja, au aende saiba siku hiyo.

Na Photoshop, QuickBooks au AutoCAD?

Hazina toleo la Linux. Wine inaweza kuendesha baadhi ya programu za Windows, lakini usijenge riziki yako juu ya programu nzito inayoendeshwa namna hiyo. Kama wateja wako wanadai faili za PSD za Photoshop zenye tabaka zote, au ofisi yako ya uhasibu inaendesha QuickBooks ya mezani, baki na Windows kwa kazi hiyo. QuickBooks ya mtandaoni hufanya kazi kwenye kivinjari chochote.

Ukiwa huru kuchagua, GIMP na Krita ni za picha, Inkscape ni ya nembo na mabango, Kdenlive ni ya kuhariri video, na LibreCAD ni ya michoro sahili ya vipimo. Anayechora ramani kwa QGIS, au anayechambua takwimu kwa R na Python, atajikuta nyumbani. Mwanafunzi aulize mapema kuhusu mitihani ya mtandaoni: programu za kufunga skrini kama Respondus LockDown Browser na Safe Exam Browser hazina toleo la Linux.

Printa yangu itakubali?

Za HP kwa kawaida hukubali kupitia HPLIP, programu ya printa za HP kwa Linux. Endesha `hp-setup` ikiwa haijajitokeza yenyewe. Epson za matangi ya wino hufanya kazi kwa draiva za Epson za Linux, na printa mpya za Wi-Fi hutambuliwa bila draiva. Jihadhari na Canon za leza za zamani kama LBP2900, ambayo hutumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe, na husumbua sana.

Kivinjari kinadai kila tovuti si salama.

Angalia tarehe. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, laptopu ya zamani hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kisha mpe fundi aibadilishe betri hiyo.

Nahitaji kinga ya virusi?

Kwa matumizi ya kawaida huhitaji, ukisakinisha programu kutoka kwenye duka la programu la mfumo na kusasisha mfumo. Linux hata ina msaada mmoja wa karibu: flashi iliyotoka saiba ikiwa na kile kirusi kinachoficha folda na kuacha njia za mkato tu, ichomeke kwenye Linux, na faili zako zitaonekana, nyakati nyingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili pembeni, futa faili zote zinazoishia na `.lnk`, na usiifungue flashi hiyo tena kwenye Windows kabla haijasafishwa.

Kompyuta inakwama nikifungua vitu vingi.

Andika `free -h` wakati inakwama. Ikiwa safu ya `available` imekaribia sufuri, unahitaji RAM, au unahitaji kufunga baadhi ya kurasa za kivinjari. Ikiwa RAM ipo lakini taa ya diski haizimiki, diski ya zamani ya kuzunguka ndiyo inayochelewesha, na kuiondoa ili kuweka SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) kutabadilisha kompyuta hiyo kuliko distro yoyote utakayoijaribu.

Nikiomba msaada, nieleze nini?

Eleza ulichotaka kufanya, ulichofanya hasa, na ujumbe uliouona, ukiwa umenakiliwa neno kwa neno badala ya kufupishwa kuwa «imekataa». Ongeza matokeo ya `inxi -Fxz`, ambayo huorodhesha vifaa vyako huku ikificha namba za utambulisho. Kisha badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na utoe taarifa ya kilichotokea. Ukijaribu ushauri wa watu watano kwa pamoja, hata tatizo likiisha hakuna atakayejua ni nini kilichoponya, na likizidi hakuna atakayejua ni nini kilichoharibu.

Ni lini inafaa kusakinisha upya?

Mara chache sana. Siku ya kwanza fungua Timeshift, iliyomo kwenye Mint, na uipange ichukue nakala ya hali ya mfumo kila wiki. Sasisho likivuruga jambo, utairudisha kompyuta ilivyokuwa kabla ya hapo, hata ukiwa umeiwasha kwa ile flashi ya usakinishaji. Timeshift hailindi picha wala hati zako, kwa kuwa katika mpangilio wake wa mwanzo huiacha nje folda ya `/home`, kwa hiyo hizo zinakili kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa. Flashi ya usakinishaji nayo usiitumie kubebea nyimbo. Iandike jina na uihifadhi kwenye begi la laptopu.